Mapaa Mawili, Inveta Moja

Tabata, Jumamosi. Asubuhi mawingu mepesi, mchana jua la kuchoma utosi, jioni hii upepo.

Kosa la watu wengi wanaotaka umeme wa jua ni kununua inveta kwanza, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, paa wakalitazama baadaye. Mtu anaingia dukani, anaona boksi limeandikwa namba kubwa kuliko mengine, analibeba hadi nyumbani kwa furaha. Ni kama kumnunulia mtoto viatu kwa kuvutiwa na boksi, na mguu wenyewe umeuacha nyumbani.

Lakini leo sina hamu ya kulaumu mtu. Leo moyo wangu umeshiba. Nimeona kazi ikifanywa vizuri tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa umri wangu nimejifunza kwamba hilo si jambo la kila wiki. Nataka niliandike kabla sijaanza kulipamba.

Nianze na ukuta.

Nyumba yangu na nyumba ya Mzee Nassor zinatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali. Mimi ni mjane, mwalimu mstaafu wa fizikia. Nilitoka Bukoba nikiwa binti, nikaja kufundisha huku, nikazeekea hapa. Yeye alikuwa na duka la vitambaa, kama baba yake na babu yake, watu wenye asili ya Uarabuni waliokuja mjini hapa zamani wakawa wenyeji kuliko sisi tuliowakuta. Mkewe ni Bi Zuhura. Watoto wetu wote wana miji yao. Tumebaki wazee watatu na ukuta katikati.

Ukuta huu una sheria zake. Ya kwanza ni kwamba sahani haivuki tupu. Nikipeleka ndizi za nyama, sahani inarudi na vitumbua. Mwezi wa Ramadhani futari inanifikia mapema kuliko wenye mfungo wao, nami nasubiri Krismasi nijibu mapigo. Hakuna aliyewahi kuitamka sheria hiyo. Ila kama miaka ile ya mwanzo ningerudishiwa sahani tupu, ningejiuliza hadi kunakucha nimewakosea nini.

Sheria ya pili ni mpya. Umeme ukikatika, Bi Zuhura anagonga ukuta kwa mchi.

Sababu ni mapafu ya Mzee Nassor. Anapumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni, sanduku linalonguruma pembeni ya kitanda chake, linachuja hewa ya chumbani na kumpelekea ile anayoihitaji kwa mrija mwembamba puani. Sanduku hilo linategemea umeme, halina akiba yake. Umeme ukienda linapiga king'ora, na hapo inabidi ufunguliwe mtungi wa dharura. Mtungi huo koki yake ni ngumu, na vidole vya Bi Zuhura vimekazwa na baridi yabisi. Ndiyo kazi ya mchi. Nikisikia dugu, dugu, dugu, naacha nilichoshika, nazungukia getini, nafungua koki.

Na mtungi una mwisho wake.

Kabla ya hapo walikuwa na jenereta. Jenereta lilimletea umeme na likamletea moshi. Moshi uliingia dirishani ukaenda palepale penye ugonjwa. Mzee Nassor hajawahi kukosa la kusema, hata akiwa anahema. Alisema, "Mnyama huyu mkono wa kulia ananilisha, wa kushoto ananikaba." Wakaliondoa.

Basi ikabaki sola.

Mpwa wa Bi Zuhura alikuwa amekwisha kuchagua inveta. Alimtumia picha kwenye simu, naye akaja kunionyesha ukutani kwa fahari. "Kubwa hii, Mwalimu. Anasema inasukuma hadi pasi." Nikamwomba asubiri kidogo, nikamwita Fundi Neema.

Neema niliwahi kumwona akifunga sola kwenye shule ya chekechea mtaa wa pili. Mama wa watoto wawili, buti za kazi, kilemba kimekazwa, na anaongea haraka kama anayefukuzana na maneno yake. Siku ile ya kwanza alikuja na ngazi, chaki na kigoda. Hakuna waya, hakuna kisanduku cha vifaa.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mzee."

"Marahaba," Mzee Nassor alijibu kutoka dirishani, mrija puani. "Fundi, vifaa viko wapi?"

"Leo sijaja kufunga, Mzee. Nimekuja kukaa."

"Kukaa? Basi hata mimi fundi. Nimekaa humu tangu mwaka jana."

Neema alicheka hadi akashika ngazi. Halafu kweli akakaa. Aliweka kigoda uani kwangu, akanywa chai yangu, akasikiliza singeli kwenye simu kwa sauti ya chini kwa heshima ya mgonjwa. Kila baada ya muda anapanda juu ya bati langu, au la Mzee Nassor, anachora kwa chaki pale kivuli kinapoishia, anashuka. Kivuli kikisogea, anapanda tena. Ilipofika jioni, mabati yetu yalikuwa na mistari kama uwanja wa rede.

Nimefundisha maisha yangu yote kwamba kupima huja kabla ya kukokotoa. Sijawahi kuona mtu akilitii neno hilo kwa siku nzima, juani, kwa hiari.

Chaki zilisema hivi. Paa langu limeinamia mashariki, pana, tupu. Jua likichomoza tu, linanikuta. Paa la Mzee Nassor limeinamia magharibi. Linaamka kwa kuchelewa, lakini jioni linang'ang'ania jua hata langu likiwa limekwisha kulala. Tatizo lao ni mnara wa tangi la maji. Kivuli chake kinazunguka kutwa kama askari wa zamu, kinakula sehemu kubwa ya bati. Panapobaki wazi panatosha paneli nne. Kwangu panatosha sita.

Jumla kumi, na kumi ndizo zilizohitajika ili mashine ipite usiku na kupambazuka ikiwa bado inanguruma.

Jioni ile tulikaa chumbani kwa Mzee Nassor, kahawa na tende katikati, Neema akaeleza. Alipomaliza, Bi Zuhura akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Tano kwa Mwalimu, tano kwetu. Sawa kwa sawa. Na ziungwe zote pamoja, ziwe kitu kimoja, kama tulivyo sisi."

Maneno mazuri. Nilitamani yawe kweli. Mtu mwenye adabu zake angesema nini kingine? Hamtwishi jirani mzigo mkubwa kuliko anaoubeba yeye. Nadhani ni katika mitaa kama hii tu ndiko unaweza kukosea kufunga sola kwa sababu ya malezi mema.

"Bi mkubwa," Neema alisema, "ya tano kwenu itakaa kivulini."

"Basi ikae. Si nimeridhika?"

"Wewe umeridhika, ila paneli nyingine haziridhiki. Itazivuta zote chini. Na ishu si hiyo moja tu. Zikiwa mstari mmoja, paa lenu likiwa bado limelala asubuhi, la Mwalimu nalo haliamki."

Bi Zuhura akanigeukia mimi. Hapo nikajua zamu yangu imefika, na nakiri nilikuwa nimeingoja.

Nilimwambia akumbuke siku walipomwaga zege la ghorofa lile la kona. Vibarua walijipanga ngazini wakapokezana makarai. Karai linatoka chini, linapita mkono hadi mkono, linamwagwa juu. Sasa weka katikati ya mstari mtu mmoja anayesinzia. Wengine wote wawe majabari, zege litafika juu kwa mwendo wa huyo anayesinzia. Paneli zilizoungwa mfululizo ndivyo zilivyo. Umeme unapita kwa kila mmoja kabla ya kufika. Aliyeko kivulini, au anayelitazama jua kwa kisogo, anawachelewesha walioko juani.

Lakini panga mistari miwili, nikaendelea, kila mstari na ngazi yake. Wa kwanza ukisinzia, wa pili haujui hata habari. Unaendelea kupokezana. Na zege lote linamwagwa kwenye jengo lilelile.

"Wahaya bwana!" Mzee Nassor alisema. "Umemuuliza kama chai ina sukari, anakuanzia shamba la miwa." Akavuta pumzi, akangoja kidogo, akaongeza, "Ila nimeelewa. Zuhura, wanaosinzia asubuhi ni sisi."

Neema akamalizia kwa upande wa inveta, na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo niandike vizuri. Inveta inayofaa mapaa mawili yanayotazama pande mbili ni ile yenye milango miwili ya sola. Kila mlango una mlinzi wake ndani, anayetazama mstari wake tu na kuukamua kadiri jua la upande huo linavyoruhusu. Paneli za paa hili zinaingia mlango huu, za paa lile mlango ule, na nyaya zake hazigusani njiani, hata ile hasi. Kisha kila mlango una kizingiti na una dari. Paneli zikiwa chache mno, volti hazifiki kwenye kizingiti, mlango haufunguki. Zikiwa nyingi mno, volti zinapasua dari, na inveta imekwisha. Nne za Mzee Nassor zilivuka kizingiti. Sita zangu zilikuwa mbali na dari. Lakini hilo usingelijua dukani. Ulilijua kwa chaki, juu ya bati.

Inveta ya mpwa ilikuwa na mlango mmoja. "Si mbaya," Neema alisema kwa upole. "Ni ya nyumba nyingine."

Bi Zuhura alikusanya vikombe. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Kwa hiyo sisi nne, Mwalimu sita, na mashine ni yetu. Mie nitamrudishia nini Mwalimu kwa jua lake?"

"Jua si langu, Bi Zuhura."

"Bati ni lako."

Kazi ikasimama hapo.

Siku zilizofuata sahani zilianza kuvuka ukuta kwa fujo. Biriani siku ya kazi. Kesho yake halua. Kisha sambusa zilizotosha harusi ndogo. Nikajua ananitangulizia malipo ya paa ambalo hajakubali kulitumia. Nami kwa sheria yetu sikuweza kurudisha sahani tupu, nikawa jikoni tangu asubuhi, mara senene nilioletewa kutoka nyumbani, mara matoke. Neema alipita kuuliza wameamua nini, akatukuta kila mtu na sufuria yake.

"Nyie wazee mkiendelea hivi," alisema, "mie sifungi sola tena, nafungua mgahawa."

Tulicheka. Lakini nilibaki na hofu. Adabu zetu zilikuwa zimemzingira mgonjwa pande zote.

Juzi alfajiri, dugu, dugu, dugu.

Nilifika na kanga ya kulalia, nikafungua koki. Mshale wa mtungi ulikuwa umelala chini kuliko nilivyowahi kuuona. Mimi niliuona, na Bi Zuhura aliuona. Mzee Nassor alikuwa ameketi kitandani, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Pumzi zilipomrudia kidogo alimwangalia mkewe. Aliongea kwa vipande, na kati ya kipande na kipande tulingoja.

"Unampigia mchi alfajiri. Anakuja na kanga ya kulalia. Hilo hulioni deni." Akavuta hewa. "Bati ndilo unaliona deni?"

Bi Zuhura alisimama pale, mchi bado mkononi. Nimemjua mama huyu muda mrefu. Kutoa kwake ni rahisi kama kupepesa macho. Nimemwona akimvulia mpita njia kanga ya begani. Kupokea ndiko sijawahi kumwona akikuweza. Umeme uliporudi na mashine ikaanza kunguruma, alifunga koki mwenyewe kwa mikono yote miwili, akakataa nimsaidie. Kisha akasema, "Mwambie fundi aje. Aweke sita. Akipata pa saba, aweke."

Namwandika hapa kwa sababu nampenda kwa neno hilo kuliko kwa biriani zake zote.

Basi leo.

Reli na paneli zilikuwa zimepandishwa jana na vibarua wa Neema. Leo ilikuwa siku ya nyaya, na Neema alikuja peke yake. Nilikaa kwenye kigoda chake, tumebadilishana nafasi. Alianza mapema kabla bati halijapata moto. Sita zangu aliziunga mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya inayofuata, kila kiungio akikibana hadi kilie. Kisha akapima mwisho hadi mwisho kwa mita yake, akasoma, akapima tena. Akafanya vivyo hivyo kwenye nne za Mzee Nassor. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu kichwani kabla hajasoma, kwa mazoea ya kazi, na kila mara namba yake ilipotoka, yangu ilikuwa ileile, inaitazama usoni. Alipoona nacheka peke yangu akauliza kuna nini. Nikamwambia ni furaha ya mwalimu.

Nyaya za paa langu aliziingiza kwenye bomba lake, akalipitisha juu ya ukuta. Za paa lao zikateremka kwenye bomba jingine. Kila bomba likaishia kwenye swichi yake ukutani, ndani ya korido ya Mzee Nassor, na juu ya kila swichi akabandika karatasi kwa mwandiko mkubwa: PAA LA MWALIMU. PAA LA MZEE. Chini yake inveta, pembeni betri, na waya wa ardhini umeshuka hadi kwenye chuma alichokipigilia uani. Alivuta waya mmoja zaidi kurudi kwangu, wa taa moja ya baraza. Mzee Nassor ndiye aliyeuagiza. "Mpeni na Mwalimu taa moja," alisema, "asije akasahihisha madaftari gizani."

Bi Zuhura alikuwa amesimama chini ya ukuta akilitazama bomba langu linavyovuka. Nilimsikia akisema chini chini, peke yake, "Kumbe hata jua linavuka."

Kisha likaja jaribio.

Hakuna mtu anayependa kumzimia mgonjwa umeme kwa makusudi. Lakini Neema alisema, na nikamuunga mkono, kwamba ni heri kujua mchana tukiwa wote hapa. Tulileta mtungi mpya karibu na kitanda. Bi Zuhura akashika koki kwa mikono miwili. Mzee Nassor, kwa kutaka kumtuliza mkewe, akaanza hadithi ya mteja aliyeingia dukani kutafuta kitambaa cha rangi ya maji. Maji gani, alimwuliza, ya kisima au ya mtungi? Mteja akasema ya kunywa. Hadithi ikaenda, mteja akashushiwa majora yote, akakataa yote, mwisho akamnyooshea kidole Mzee Nassor mwenyewe, akasema nataka kama hilo shati ulilovaa, akamvua shati akaondoka nalo.

"Sasa mbona mnanitumbulia macho?" Mzee Nassor aliuliza. "Fundi yuko wapi? Anzeni basi."

Neema akachungulia kutoka koridoni. "Tumeshaanza, Mzee. Nilizima umeme wa gridi kabla huyo mteja wako hajaingia dukani."

Mashine ilikuwa inanguruma. Haikuwa imekohoa hata mara moja.

Mzee Nassor alisema alhamdulillahi. Bi Zuhura alitoa mikono yake kwenye koki polepole, kidole kimoja kimoja, kama anayeachia kitu kilichomshika yeye.

Mchana wote nilikuwa mtu wa ile korido. Inveta ina kioo kidogo kinachoonyesha namba mbili, moja kwa kila mlango. Mwanzoni, jua likiwa bado upande wa mashariki, namba ya paa langu ilikuwa kubwa, ya kwao ndogo. Wingu lilipopita zote zilishuka, wingu lilipoondoka zote zikapanda, kila moja kwa mwendo wake. Jua lilipofika utosini, kila paneli kwangu na kila paneli kwao zilifanya kazi karibu sawa. Kisha langu likaanza kuchoka, lao likaamka. Alasiri, mimi nikiwa nimekwisha kushuka, lao lilikuwa bado linasukuma umeme kwenye betri.

Hakuna aliyemvuta mwenzake.

Nimefundisha jambo hili kwa ubao na chaki, kwa balbu ndogo na betri za tochi, kwa madarasa yaliyopiga miayo. Leo nimelitazama likimpa mtu pumzi. Neema alinikuta nimeegemea ukuta wa korido, akaniletea kiti bila kuuliza. Nilimwuliza kwa nini anakaa siku nzima na chaki wakati mafundi wengine wanafunga na kuondoka. Akasema mama yake alikuwa fundi cherehani, na alimfunza kwamba nguo ikikosewa kupimwa, hakuna pasi itakayoiokoa. Kisha akakusanya vifaa, akaaga, na kumwambia Mzee Nassor kwamba akiona namba moja imepotea kwenye kioo mchana mweupe, asiguse kitu, ampigie simu.

Jioni nilirudi kwangu. Jua likiwa linazama, umeme ukakatika mtaa mzima. Muziki wa saluni ya jirani ulikufa katikati ya neno, na watoto wa barabarani wakapiga ule ukelele wao wa "Aaaah!" Mimi nilikuwa nimesimama tayari, ndala moja mguuni, sikio ukutani.

Kimya.

Halafu, dugu, dugu, dugu.

Sikumbuki nilivyofika getini kwao. Ndala moja niliiacha njiani. Niliingia uani nikihema na kumkuta Bi Zuhura amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kinu mbele yake, mchi mkononi. Nyuma yake, dirishani, taa ilikuwa inawaka, na sanduku la Mzee Nassor lilikuwa linanguruma kama kawaida yake.

Alinitazama, mguu mmoja pekupeku, kifua kinapanda na kushuka.

"Mwalimu! Natwanga kitunguu saumu!"

Tulicheka hadi Mzee Nassor akauliza kutoka dirishani kama kuna mtu amekufa. Bi Zuhura alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, akainuka, akaingia jikoni. Nilijua analeta nini. Jana niliwapelekea matoke kwenye ile sahani yangu ya bati yenye maua, na ilikuwa zamu yake.

Alitoka nayo. Ilikuwa imeoshwa, imekauka, inang'aa. Alininyooshea kwa mkono mmoja.

Ilikuwa tupu.

"Chukua sahani yako," alisema, akinitazama machoni. "Leo haina kitu."

Nikaipokea. Niliiweka sahani kwapani, nikaokota ndala yangu njiani, nikarudi nyumbani. Mtaa mzima ulikuwa giza isipokuwa dirisha moja la Mzee Nassor na taa moja kwenye baraza yangu, ambayo chini yake naandika haya. Umeme bado haujarudi. Ng'ambo ya ukuta mashine inanguruma, na harufu ya kitunguu saumu inavuka bila kuomba ruhusa.

Kwako unayesoma ukiwa na mpango wa sola. Usiende dukani kwanza. Leo, jua likiwa bado juu, chukua chaki, mwombe jirani akushikie ngazi, upande ukachore pale kivuli kinapoishia juu ya paa lako.